Neno Lisilo na Shahidi

Nianze na barua, maana mimi si mtu wa kuficha mambo, ingawa hiyo barua niliificha siku nne nzima. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye mfuko wa zipu ninaowekea vidonge vya kichwa. Ilitoka ofisi moja ya wafasiri, katika mji ambao ukitaka kufika unapanda ndege, ukishuka unapanda nyingine. Walikuwa wananipa kazi niliyoitamani tangu nina miaka ishirini na miwili, na sasa nina thelathini na nne. Kazi ingeanza baada ya wiki sita. Jibu walilitaka kabla ya ofisi kufungwa siku ya Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ndiyo hii ninayoisimulia.

Kila nilipoikumbuka barua ile moyo uliruka hadi nikashindwa kukaa kwenye kiti. Halafu namtazama shangazi yangu, na moyo unarudi mahali pake taratibu.

Shangazi ni dada wa baba. Alinichukua nikiwa na miaka tisa, akanisomesha, na nilipomaliza akanipa kiti karibu na chake katika karakana yake ya kamusi. Naiita karakana kwa sababu haikuwa ofisi. Ilikuwa vyumba viwili juu ya kliniki ya daktari wa meno, na mashine ya daktari ilipotoboa jino la mtu huko chini, sisi huku juu tuliisikia kwenye nyayo. Kuta zote zilijaa maboksi ya viatu, na ndani ya kila boksi mlikuwa na bahasha, na ndani ya kila bahasha kadi za ukubwa wa kiganja. Kwa miaka kumi na tisa Shangazi alikuwa anatengeneza kamusi ya visawe vya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wetu: maneno yanayofanana, yakielezwa kwa Kiswahili, kila moja lionyeshwe lilipotofautiana na ndugu zake.

Macho yake yalikuwa yamebaki ya kusoma neno moja moja kwa lenzi. Mengine yote nilimsomea mimi. Sasa niambie, mtu anaanzaje? "Shangazi, shikamoo, naondoka na macho yako"? Nilimeza mate siku ya kwanza, nikameza ya pili, ya tatu, ya nne, na ya tano ikawa Ijumaa.

Siku hiyo saa mbili asubuhi tulikuwa na kurasa mia sita na kumi zilizokamilika na mmoja usiokamilika. Gari la kiwanda cha uchapaji lilikuwa linakuja saa sita mchana kuchukua kila kitu. Msimamizi wa kiwanda tulimpa jina la Bwana Saa Sita, kwa sababu hajui saa nyingine. Mara mbili Shangazi alikuwa amemrudisha dereva wake mikono mitupu kwa ajili ya neno moja, na mara ya pili Bwana Saa Sita alipiga simu akasema kwa upole, upole ule unaotisha kuliko makelele, kwamba ya tatu hakuna. Mashine ingehamia kuchapa kalenda za watu, na sisi tungengoja mwakani.

"Mwakani macho yangu yatakuwa yamefunga duka," Shangazi alisema alipokata simu. "Nataka kukiona hiki kitabu, si kukipapasa."

Basi ukurasa uliobaki ulikuwa wa neno "happy". Utashangaa. Maneno magumu tuliyamaliza miaka mingi iliyopita, yale marefu yanayohitaji kuvuta pumzi katikati. Haya mepesi tuliyaacha, tukidhani mepesi hayakimbii. Kumbe ndiyo yanayokimbia. Neno ambalo kila mtu analo mdomoni hakuna anayekumbuka alilisikia wapi.

Na hapo inabidi nieleze desturi ya nyumba ile, maana bila hiyo utatuona wendawazimu. Shangazi hakukubali neno liingie kwa kunakiliwa kutoka kamusi nyingine. Kila neno lilihitaji shahidi. Kadi ilikuwa na mistari mitano: nani alisema, alimwambia nani, wapi, lini, na yule aliyeambiwa alijibu nini. Huo mstari wa tano ndio aliouthamini kupita yote. Alisema neno ni kama kubisha hodi. Hujui limebishwa vipi mpaka usikie aliye ndani anaitikaje. Na shahidi, awe aliyesema au aliyeambiwa, asiwe mtu wa nyumba hii, yaani asiwe Shangazi wala mimi, kwa sababu sisi tunajua bahasha ipi imepungukiwa, na mwenye njaa hawezi kuwa hakimu wa chakula.

Kwa hiyo nilifungua boksi la "happy" na kumsomea, bahasha baada ya bahasha. "Happy" yenyewe ilikuwa na kadi arobaini na moja, neno la kila mtu na kila siku, kama chumvi. "Pleased" ilikuwa na kumi na mbili, karibu zote za wakubwa wakiwaambia wadogo: mkaguzi kwa mwalimu, meneja kwa karani. Shangazi aliifafanua kuwa furaha ya mtu aliyekaa kitini akimtazama aliyesimama. "Content" zilikuwa tano, na bora kuliko zote ilikuwa ya mlinzi wa benki aliyeulizwa na mgeni kama hataki kazi nyingine, akavua kofia, akamjibu kwa neno hilo moja. "Cheerful" tuligundua mtu hajisemei mwenyewe, husemewa na wenzake. "Glad" nitaifikia.

Kisha nikashika bahasha ya "delighted". Nikaitikisa. Nikapuliza ndani.

"Soma," alisema Shangazi.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kadi hata moja, Shangazi. Tupu."

Chini, daktari alianza kutoboa.

"Tulitoe," nikasema. "Nani atajua?"

"Kamusi ya visawe vya 'happy' isiyo na hilo neno ni kinywa kisicho na jino la mbele," alisema. "Tukicheka tu, tumeonekana."

"Basi tuandike 'furaha sana' tumalize."

"'Sana' ni neno la mvivu. Saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Unazo saa tatu na nusu na miguu miwili. Nenda kaniletee mtu."

Nilishuka ngazi mbilimbili na kadi tupu mkononi. Nakiri kwamba nilikuwa nimechangamka vibaya. Kuna raha fulani katika kuwinda neno ambayo sijaipata kwenye kitu kingine: masikio yanasimama, na kila anayepita barabarani ni tajiri wa kitu asichojua anacho. Lakini wakati huohuo kulikuwa na sauti ndani yangu iliyonong'ona, na ilinong'ona kutoka kwenye mkoba. Maana ile barua, mstari wake wa kwanza kabisa, ilisema: "We are delighted to offer you this position."

Ndiyo. Shahidi pekee wa neno lile katika mtaa mzima nilikuwa nimembeba begani. Kumtoa kulikuwa kusema kila kitu. Kwa hiyo niliamua kumtafuta mwingine hata kama ni ndani ya kisima.

Nilianzia hotelini, ng'ambo ya barabara. Mpokezi wa pale ni rafiki yangu, na wageni wake wengi huzungumza Kiingereza. Akaniambia yeye husema "happy" mara mia kwa siku, "happy to help", mpaka shavu linamuuma. Hilo lingine, hapana. Tulikuwa tunaongea hivyo akaingia mgeni mmoja wa makamo, amechoka, anaburuta sanduku lililobaki na gurudumu moja.

Hapo nikafanya dhambi. Desturi yetu inakataza kabisa kumtekenya shahidi; neno lije lenyewe. Lakini nilimnong'oneza mpokezi, "Mpe chumba cha pembeni, kile cha madirisha mawili." Akampa. Mgeni akapanda. Mimi nikakaa kwenye kochi, kalamu tayari, nikihesabu dakika. Baada ya robo saa alishuka kuuliza nywila ya intaneti.

Nikamkonyeza mpokezi, akamuuliza kwa Kiingereza chake kizuri kabisa anakionaje chumba.

"Nice," akasema. "Thanks."

"Nice"! Tunazo tisini na tatu za hiyo. Ningeweza kumrushia kalamu.

Mpokezi alicheka mpaka akainama chini ya kaunta. "Hilo neno lako hulisikii mdomoni mwa mtu, dada," alisema. "Mimi naliona kwenye barua tu. Wakubwa wetu wakimwajiri mtu huandika hivyohivyo."

Nilimwambia asante, nikaushika mkoba kwa mikono miwili.

Nikarudi kwa daktari wa meno, saa nne na ushei. Kwenye kiti alikuwepo mgonjwa mmoja, mhandisi wa madaraja, mgeni. Alikuja na hakika kwamba jino litang'olewa. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anamwambia limepona, halitang'olewa. Nilisimama mlangoni nikijisemea, kama huyu hafurahi basi dunia imekwisha. Mgonjwa aliinuka, akamshika daktari mkono, akatamka kitu kwa mdomo uliokufa ganzi na kujaa pamba.

"Amesemaje?" nikauliza.

"'Relieved'," alisema daktari. "Amepumua. Katuliwa mzigo."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimekula chumvi nyingi nikisikiliza watu wenye pamba mdomoni."

Mhandisi aliitikia kwa kichwa, akanyoosha kidole gumba kuthibitisha. "Relieved" nayo tulikuwa nayo, bahasha nzima, nyingine kutoka kwenye kiti kilekile.

Nilijaribu duka la maua. Nilijaribu benki, foleni ya dirisha la wageni, mpaka mlinzi, yuleyule wa "content", akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nilimpigia simu mwalimu wa Kiingereza niliyesoma naye, akasema kwa kujiamini kwamba watu husema hivyo kila siku. Nilipomwomba anitajie mmoja, akasema mtandao unakatika.

Saa tano na nusu nilikuwa kwenye ngazi zetu, jasho linatiririka, kadi bado tupu. Na hapo, kwenye ngazi ya saba, nilikaa chini nikaijaza. Niliandika: mgeni wa hoteli, kwa mpokezi, mapokezi, leo saa tatu asubuhi, "I'm delighted with my room." Mstari wa tano nikaandika: mpokezi alisema karibu. Mwandiko ulitoka mzuri, hata mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilimpa Shangazi. Akaichukua, akaiweka chini ya lenzi, akatembeza jicho taratibu.

"Huyu mgeni," alisema, "alikuwa ametoka wapi?"

"Safarini."

"Alisema kwa kucheka au kwa kutulia?"

"Kwa… kwa kucheka."

"Na mpokezi wako yule mcheshi, asiyeacha kupiga mtu vijembe, akajibu 'karibu' tu?"

Niliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Aliikunja kadi mara mbili, akaichana, akaviweka vipande kwenye kikapu bila hasira. "Mwanangu, kadi hii ina kila kitu isipokuwa mtu," alisema. "Miaka kumi na miwili umekaa hapa, hujawahi kuniletea ya kutunga. Kuna nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita kasorobo. Nilimtazama yule mama aliyenifundisha kufunga viatu na kufungua vitabu, ameinua uso wake kuelekea nilipo, anangoja, na macho yake hayakunipata sawasawa, yalikuwa yametua begani kwangu. Nilijisikia mwizi. Nikafungua zipu, nikaitoa barua, nikaiweka juu ya meza mbele yake, nikaisukuma chini ya lenzi.

Alisoma mstari wa kwanza. Ilimchukua muda, neno moja, neno moja. Alipofika kwenye "delighted" kidole chake kilisimama juu yake. Kisha akarudi mwanzo, akasoma jina la aliyeandikiwa.

"Imekuja lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umelala nayo siku nne," alisema, na sauti yake ikapanda, "umeniachia nikakutuma kuwinda mtaa mzima na windo umelibeba mwenyewe?"

"Niliogopa. Nikiondoka nani atakusomea?"

Nilitarajia atalia. Ndivyo nilivyokuwa nimeliona jambo hili usiku zote nne: yeye analia, mimi nalia, barua inachanwa. Badala yake alipiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka.

"Nani atanisomea? Kitabu kikishatoka atanisomea kila mtoto wa shule anayepita chini ya dirisha hili. Unadhani nimetengeneza kamusi miaka kumi na tisa ili isomwe na mtoto wa kaka yangu peke yake?" Akavuta pumzi. "Nipe kadi mpya. Andika. Nani alisema?"

Nikaandika mbio. Mkuu wa ofisi ya wafasiri. Wapi, lini. Niliandika huku mikono inatetemeka, sasa ndiyo inatetemeka, na moyo umeanza tena kuruka kule kwake kwa siku zote.

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

Kidole chake kikarudi kwenye jina langu juu ya barua. Nami nikaelewa wakati uleule alipoelewa yeye.

"Haifai," alisema polepole. "Shahidi asiwe mtu wa nyumba hii."

Nitasema ukweli: kwa nukta moja nilipata nafuu. Desturi imekataa, si mimi. Barua ingerudi kwenye zipu, nami ningerudi kwenye kiti changu, na hakuna ambaye angekuwa amemwacha mwingine. Chini barabarani gari lilipiga honi. Bwana Saa Sita alikuwa amelituma robo saa kabla, ashindwe yeye na shetani wake.

Shangazi aliweka lenzi mezani. Akanyoosha mgongo kama anavyofanya akitaka kutamka fasili ya mwisho.

"Basi nimekufukuza kazi," alisema.

"Shangazi?"

"Kuanzia saa hii wewe si mtu wa nyumba hii. Ulikuwa mfanyakazi wangu, nimekuachisha. Sababu: kughushi kadi. Ushahidi uko kwenye kikapu." Midomo ilikuwa inamcheza, hajui acheke au afanye nini, na machozi yalikuwa yameshaanza safari bila kumwomba ruhusa. "Sasa unafaa. Mstari wa tano. Ulijibu nini?"

"Sijajibu."

"Kadi haijakamilika, basi, na dereva yuko chini. Jibu. Jibu lisilotumwa si jibu."

Nilirukia kompyuta. Honi ikalia tena. Nilifungua anwani yao, nikaandika kwa haraka, "I am delighted to accept", nikamsomea.

"Hilo ni lao," alisema. "Ni la anayefungua mlango. Wewe ndiye unayeingia. La kwako ni lipi?"

Vidole vilisimama juu ya vitufe. Nilipitia lile boksi kichwani. "Pleased" haikuwa yangu, sikuwa nimekaa kitini kumtazama mtu. "Content" ya mlinzi sikuwa nayo hata chembe. Damu ilikuwa inanichemka. "Happy" ilikuwa kweli lakini ilikuwa ndogo, na iliacha nje nusu nzima ya mambo. Nikaikumbuka "glad", ile kadi ya mama mwenye duka la viatu. Mtoto wake alipotea sokoni saa nzima, akaletwa na mgeni mmoja aliyemshika mkono, na mama yule akalisema neno hilo moja mara tatu. Shangazi aliifafanua siku ileile: furaha iliyopishana mlangoni na kilio, nayo ikajua wamepishana.

Nikafuta. Nikaandika, "I am glad to accept." Nikabonyeza. Ikaenda.

Nilicheka kwa sauti peke yangu, nikaona nimesimama bila kukumbuka niliinuka saa ngapi. Nilikuwa naenda. Mimi, naenda, na ndege mbili.

"Nisomee," alisema Shangazi.

Nilimsomea. Alilisikiliza lile neno, akaitikia kwa kichwa mara moja, akachukua kalamu mwenyewe. Hakuwa ameandika kadi kwa mkono wake miaka mitatu. Aliandika mstari wa tano kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka nje ya mstari, na nilimwacha, sikumsaidia. Kisha akatamka fasili bila kusita, mimi nikiichapa ukurasani kwa kasi iliyofanya meza itikisike: furaha yenye adabu, isemwayo zaidi kwa maandishi kuliko kwa mdomo, mara nyingi mwenye kuisema ana mlango mkononi, naye anakufungulia.

Nikahifadhi, nikaingiza kwenye flashi, nikachapisha ule ukurasa, nikauweka juu ya zile mia sita na kumi, nikafunga rundo kwa kamba. Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Dereva alikuwa ameacha kupiga honi na sasa tulimsikia akipanda ngazi, anahema.

Nilikumbatia rundo kwa mikono miwili nikakimbilia mlangoni.

"Weka chini," alisema Shangazi.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, ameshikilia ukingo wa meza, anajifuta uso kwa kitambaa cha lenzi.

"Mwache dereva abebe mwenyewe," alisema. "Wewe kaa, nikutilie chai. Kwangu mgeni habebi mzigo."